Mtoto wa mwenzio kashatembea, wako bado: mwongozo kamili kwa mama anayejipima na wamama wa Insta

Ilikua saa tisa usiku, nanyonyesha, mkono wa kulia umebeba mtoto, wa kushoto umebeba simu, mara ikapita video ya mama mmoja wa hapa hapa Dar, mtoto wake ana miezi kumi anatembea kwenye sebule nyeupe pee, hakuna hata kijiko sakafuni. Wangu alikua na mwaka na wiki mbili na bado anaburuza makalio kama anafagia. Nikamuamsha baba yake. Nikamwambia mtoto ana tatizo la miguu. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini nikaenda kliniki, nimekaa foleni tangu saa moja na nusu, kufika kwa nesi akafungua kadi akaiangalia, akamwangalia mtoto anavyojivuta kusimama kwenye benchi, akaniuliza, "Mama, nani kakwambia huyu kachelewa?" Nikasema nimeona tu. Niliona aibu kusema nimeona Insta.

Hii niliyoandika hapa ndo njia niliyopita mimi na wenzangu wawili watatu baada ya hapo. Sitakwambia "acha kujilinganisha", maana hiyo kila mtu anaisema na hakuna anayekwambia unaachaje. Binadamu anajipima na wenzie tu, yule mwanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger aliandika hayo tangu 1954, simu hazijazaliwa, na akasema mtu anajipima zaidi na yule anayefanana nae. Ndo maana mtoto wa msanii wa Marekani mwenye yaya watatu haukuumizi hata kidogo, ila mtoto wa uliyekaa nae dawati moja form two unakesha unamuwaza.

Hatua ya kwanza: jua hasa kinachokuchoma

Usianze na kufuta akaunti. Wengi tunaanza hapo, unafuta kwa hasira Jumatatu, Alhamisi umeshairudisha maana biashara ziko huko, habari ziko huko, na mawifi wako huko.

Chukua daftari, au sehemu ya kuandikia kwenye simu, siku tatu tu. Kila ukiona kitu kikakuuma andika mistari midogo: saa ngapi, umeona kwa nani, na moyoni ulisema nini, kwa maneno yale yale hata kama ya aibu. Mi niliandika vitu kama "saa 8:40 usiku, statasi ya binamu, mtoto kavaa seti mpya, mi wangu anavaa za kurithi." Mwisho wa siku tatu nilikua na mistari tisa, na kati ya hiyo tisa, saba ilikua ya watu wawili tu na sita ilikua ya usiku. Yaani nilidhani naumizwa na intaneti nzima kumbe naumizwa na watu wawili nikiwa nimechoka.

Sasa tazama ulichoandika kinaangukia wapi. Kwa wengi ni ukuaji wa mtoto, au mwili wako baada ya kujifungua, au pesa (nguo, besdei, shule yenye swimingi), au hasira zako kwa mtoto ukilinganisha na yule mama anayeongea taratibu kama anasoma tendi, au mume, maana kuna wababa huko wanaosuka watoto nywele kwenye kamera. Kila moja ina dawa yake, na ukizichanganya zote ukasema tu "mimi ni mama mbaya" hutibu hata moja.

Hatua ya pili: ihoji video kabla haijakuhoji wewe

Kuna maswali manne najiuliza mpaka leo. Kamera kashika nani? Mtoto alikua na nani kabla na baada? Ilikua saa ngapi? Na nani kalipia?

Nimejifunza hayo siku nilipoenda kumsaidia rafiki yangu kushika simu, anataka video ya "asubuhi yangu na baby". Tulianza saa nne asubuhi tukamaliza saa nane mchana. Mtoto kalia mara mbili, kabadilishwa nguo mara tatu, dada wa kazi kaambiwa asogee asionekane, nguo zote zilizokua kwenye kochi zimebebwa zikarundikwa chumbani mlango ukafungwa. Video ilitoka ya dakika moja, nzuri mno, na komenti za wamama zikamiminika "jamani unawezaje peke yako?" Na mimi niliyekua nimeshika simu, naapa, usiku wake niliiangalia nikajisikia vibaya! Nilikuwepo mwenyewe na bado ikanichoma, kwahiyo usijilaumu wewe ambae hukuwepo.

Swali la nani kalipia ndo tunalisahau zaidi. Mkanda wa tumbo, chai ya kupunguza, unga wa lishe, kiti cha mtoto, vingi vya hivyo mtu kapewa bure ama kalipwa avioneshe. Maziwa ya kopo nayo uwe makini nayo, Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni tangu 1981 kwamba maziwa mbadala yasitangazwe kwa wananchi, sasa ukiona mama anasema mtoto wake kaanza kulala usiku mzima tangu ampe kopo fulani, na jina la kopo limekaa katikati ya picha, we jua hapo kuna biashara. Simsemi vibaya mama anayetumia kopo, kila mtu na sababu zake. Nasema yule anayekuuzia.

Hatua ya tatu: ifundishe simu upya

Hizi programu zinakuletea kile unachokaa nacho muda mrefu, hazijui kama umekaa kwa furaha au kwa uchungu. Ukikodolea macho video ya mtoto wa miezi minane anayesoma herufi, ukairudia mara tatu huku roho inakuuma, kesho utaletewa wengine kumi wa hivo hivo. Kwahiyo fanya haya, ni kazi ya kama nusu saa, kaa nayo siku mtoto kalala mchana.

Anza na wale wawili watatu wa kwenye daftari lako. Kama ni watu usiowajua, anfolo, kwisha habari, hawadai chochote kwako. Kama ni ndugu au mtu mnayeonana kwenye vikao vya harusi usimwanfolo maana itakua kesi ya ukoo, we mnyamazishe tu. Insta unaingia kwenye profaili yake, unabonyeza pale panapoonesha unamfolo, unachagua kunyamazisha posti na stori, na yeye haambiwi. WhatsApp unashikilia statasi yake kwa kidole mpaka itokee sehemu ya kunyamazisha, nayo haambiwi. Binamu yangu mpaka leo hajui, na tunapendana kuliko zamani.

Af nenda kwenye video za watu usiowafolo, zile zinazojileta zenyewe. Kila ikija ya kukuchoma, Insta bonyeza vidoti vitatu na TikTok shikilia video yenyewe, uchague kwamba huna haja nayo. Fanya hivo bila kuimaliza, hapo ndo siri ilipo. Kama ukurasa umeshaharibika kabisa, TikTok na Insta zote zina sehemu kwenye mipangilio ya kuanza upya mapendekezo, inakua kama umejiunga leo. Baada ya hapo siku mbili za kwanza tafuta kwa makusudi vitu vingine unavyovipenda, mi nilitafuta mapishi ya pwani na kilimo cha mbogamboga kwenye magunia, saivi ukifungua simu yangu ni sukuma wiki tupu.

Kwenye Insta unaweza pia kuficha idadi ya laiki, za wengine na zako, ipo tangu 2021.

Kuhusu usiku. Usiku ndo kwenye hatari yenyewe, umechoka, uko peke yako, nyumba nzima inakoroma. Usijiambie tu "sitashika simu", utashika, mtoto mchanga ananyonya mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku nzima na nyingine zinaangukia usiku, utakaa unaangalia ukuta? Weka kitu cha kusikiliza badala ya kuangalia. Redio kwa sauti ndogo, mawaidha, kwaya, hadithi, chochote, simu ikiwa mbali na mkono, hata juu ya kabati. Mi nachaji yangu sebuleni na chumbani kuna kiredio cha betri cha bibi, na hii peke yake ilinisaidia kuliko mengine yote hapo juu.

Makundi ya WhatsApp ya wamama waliojifungua mwezi mmoja ni mazuri kwa ushauri na ni mabaya kwa mashindano, siku akitokea wa kusema "wangu ana meno sita" kundi zima linafungua mdomo wa mtoto kuhesabu. Nyamazisha mlio, ingia ukiwa na swali, pata jibu, toka.

Hatua ya nne: badilisha kipimo

Hapa ndo penyewe. Huwezi kukaa bila kipimo, kila mama anataka kujua mtoto wake anaendeleaje na hiyo ni haki yako, shida ni kwamba tumeiacha kadi ya kliniki kwenye droo tunatumia mtoto wa mtu kama rula.

Chukua kutembea. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya kutoka nchi tano, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman (naam, Muscat, kwa hiyo wapo na wenzetu humo pengine), matokeo yakatoka 2006. Kutembea bila kushikwa, karibu wote walianza kati ya miezi 8.2 na miezi 17.6. Kukaa bila kuegemea ni miezi 3.8 mpaka 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti ni 5.2 mpaka 13.5, na kuna karibu watoto 4 katika kila 100 ambao hawakutambaa hivo kabisa, wakaja kutembea tu. Angalia hizo namba vizuri mwenzangu. Mtoto wa miezi tisa anayetembea na wa miezi kumi na sita ambaye ndo kwanza anaachia ukuta, wote wako ndani ya kawaida, ila anayerekodiwa na kupostiwa ni yule wa tisa. Wa kumi na sita mama yake kanyamaza, yuko kama mimi anasoma gugo saa tisa usiku.

Cha kufatilia ni hiki: akifika miezi 18 hajatembea mpeleke akaonwe, na mtoto wa umri wowote aliyekua anaweza kitu akaacha, mfano alikua anakaa sasa hakai, alikua anaita sasa kanyamaza, usisubiri hata wiki.

Wangu alitembea na miezi kumi na minne na nusu, kafuata mwiko jikoni.

Uzito sasa. Mstari ulioko kwenye kadi ni wa mtoto wako na yeye mwenyewe, mwezi uliopita na mwezi huu. Unapanda? Umelala? Unashuka? Hayo ndo maswali. Mtoto mwembamba ambae mstari wake unapanda kila mwezi ana nafuu kuliko bonge ambae mstari umelala miezi mitatu, na hilo hutaliona kwenye picha yoyote maana picha inaonesha mashavu tu. Ukienda chanjo ile ya wiki 6, 10, 14, ya miezi 9 na ya 18, usichukue kadi ukaiweka kwenye pochi na kuondoka, muulize nesi "mstari wa mwanangu unasemaje?" na usitoke mpaka akuoneshe kwa kidole. Kama kuna foleni wakununie tu.

Chakula ndo kilinitesa mimi. Zile sahani zenye vyumba vyumba, matunda ya bluu sijui yanauzwa wapi, salmoni, mkate wa rangi ya kahawia juu parachichi limepangwa kama ua. Kipimo kinachotumiwa na WHO (ndo hilo hilo Shirika la Afya Duniani) na UNICEF kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 23 ni apate angalau makundi matano ya vyakula kati ya manane kwa siku, na maziwa ya mama yenyewe ni kundi moja. Hesabu na mimi: unanyonyesha, moja. Ugali laini au uji, mbili. Maharage yaliyopondwa, tatu. Dagaa wa kusaga, nne. Mchicha, tano. Umemaliza, na hujaingia supamaketi. Ukiongeza yai ni sita. Sahani iwe ya plastiki ya kijani iliyopauka, haina shida, iwe safi tu.

Na mwili. Mfuko wa uzazi peke yake unachukua kama wiki sita kurudi kwenye saizi yake, hapo hatujaongelea nyama, ngozi, mshono wa oparesheni wala usingizi. Anayeposti tumbo flati wiki ya tatu inawezekana ni kweli, miili haifanani, inawezekana ni mkanda, inawezekana ni picha ya mwaka juzi. Haikuhusu. Chukua nguo moja unayoipenda inayokutosha SASA ivae, zile za zamani zifunge kwenye begi uweke juu ya kabati, kila asubuhi kujaribu gauni lisilofunga zipu ni kujitafutia ubaya.

Hatua ya tano: sikiliza wivu unataka nini

Kuna wivu mwingine unakwambia kitu cha kweli. Mistari yangu miwili kwenye daftari ilikua kuhusu mama fulani mwenye kikombe cha chai barazani asubuhi, na nilidhani naitaka ile baraza, maua na viti vya ukili. Nilipokaa nikafikiri nikaona hapana, nataka ile chai, yaani kuinywa ikiwa bado ya moto bila mtu kunivuta gauni. Hiyo haihitaji milioni. Nilimwambia mzee, kila Jumamosi saa moja mpaka saa mbili na nusu asubuhi watoto ni wako, mimi sipo hata kama nipo. Alinuna wiki ya kwanza, ya pili kazoea, saivi anawapeleka kununua vitumbua.

Kwahiyo kila mstari kwenye daftari ugeuze uwe ombi: nani nimuombe, nini, lini. Mama anayekaa nyumbani na mtoto mwaka mzima anakuumiza? Wewe umeajiriwa, likizo yako ya uzazi kisheria Tanzania ni siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mmoja, huwezi kuwa yeye. Lakini sheria hiyo hiyo ya kazi inasema mwajiri akuruhusu kunyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi, ulishaomba? Wengi hatujaomba, tunaona aibu, tunaishia kumuonea wivu mtu wa kwenye simu wakati haki iko ofisini kwetu.

Kama ombi halipo, yaani unachotaka ni nyumba yake na gari yake, basi hilo ni la pesa, ongea na mumeo au kikoba chako, mtoto hausiki. Na tafadhali besdei ya mwaka mmoja usikope. Mtoto wa mwaka mmoja anataka boksi la keki, keki yenyewe mtakula nyie.

Hatua ya sita: mtafute mama mmoja wa kweli

Sio kundi. Mmoja, ambae unaweza kwenda kwake hajafagia na yeye akaja kwako hujafagia. Anaweza kuwa jirani, wifi mliyeelewana, au hata yule yule unayemuonea wivu, nakuambia jaribu. Mtumie sauti umuulize kitu kidogo kabisa, "mwenzangu, usiku mnalalaje huko?" Usimuulize "unawezaje", hilo swali linamlazimisha aigize. Nilimuuliza yule niliyesoma nae, akajibu kwa sauti ya dakika sita, nusu yake analia. Kumbe mtoto anaamka mara tano na mama mkwe yuko pale anasema maziwa yake mepesi. Tangu siku hiyo tuna mchezo wetu, tukitumiana picha ya mtoto lazima itumwe na ya nyumba ilivyo dakika hiyo hiyo.

Bibi na mama zetu nao wana kujilinganisha kwao, tusijidanganye, "mtoto wa fulani mbona kanenepa" tumeisikia kabla ya bando. Jibu langu kwao ni kufungua kadi. Namwonesha mama mstari, anavaa miwani, anasema haya.

Hatua ya saba: wewe unaposti nini?

Hii fupi. Kuna mama anakuangalia wewe saa tisa usiku. Kabla hujaposti jiulize kama ungeweka hata kama hakuna laiki. Ukiposti kapiga hatua ya kwanza usiandike "miezi tisa tu!", andika katembea, inatosha. Na za mtoto kavaa sare yenye jina la shule, au yuko bafuni, ziache kwenye simu yako.

Ikiwa umefanya yote na bado

Rudia daftari baada ya wiki nne, siku tatu tena. Mistari ikipungua endelea. Ila kuna wakati simu sio chanzo, inakua imekuta moto tu. Kama umepita wiki mbili huzuni haitoki, hulali hata mtoto akilala, huli, unamwangalia mwanao huhisi kitu, au unaona watoto wangekua salama bila wewe, hiyo inaweza kuwa sonona baada ya kujifungua, ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, unatibika, na haimaanishi huna shukrani wala imani ndogo. Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na usiende peke yako, na mtoto abaki na mtu mwingine mpaka uonwe.

Huna haja ya kutafuta mahali pa kifahari pa kuanzia. Nenda kliniki ile ile unayompeleka mtoto, na nesi akinyoosha mkono kupokea kadi mwambie, leo nimekuja kwa ajili yangu.